Mtoano unatuulia keram mitaani, tujaribu "mistari mitatu" kama wacheza pinboli

Kikwajuni_Juu (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Ijumaa iliyopita kulikuwa na mashindano ya keram, ule mchezo wa kupiga kete kwa kidole juu ya bodi mpaka ziingie mashimo ya kona, kwenye maskani moja hapa Ng'ambo, Unguja. Wachezaji 16, bodi moja, mtoano, yaani ukifungwa mara moja umetoka. Mdogo wangu ana miaka 15, mwezi mzima kila akitoka skuli anakaa na bodi, anajipigia peke yake, kete za ukutani, kete za kona, mpaka kidole kimeota sugu. Kura ikamtupa kwa bingwa wa mtaa mchezo wa kwanza kabisa. Dakika nane, kwisha. Akakaa ukingoni mwa baraza na straika yake, ile kete kubwa ya kupigia, mfukoni hadi saa tano usiku anatazama wenzake. Jumamosi nikamwita tucheze, akasema amechoka. Mpaka leo hajagusa bodi.

Nikahesabu. Katika watu 16, wanane wamecheza mchezo mmoja tu kisha wakawa watazamaji. Nusu ya watu waliovaa vizuri wakaja na hamu zao! Halafu tunaulizana kwa nini kila mwaka wanaojiandikisha ni sura zile zile.

Nimekaa Chicago miaka minne, nikifanya kazi ghalani. Usiku mmoja wa baridi mwenzangu wa kazini akanichukua kwenye duka la kufulia nguo ambalo nyuma yake kuna mashine za pinboli, kama kumi hivi. Kwa asiyeijua: ni meza ya mteremko mdogo, imefunikwa kioo, ndani kuna mpira wa chuma wa gramu 80 hivi. Unavuta springi, mpira unapanda juu, unagonga vitu, taa zinawaka, pointi zinaruka. Ukirudi chini una vijibao viwili tu vya kuuokoa, kimoja cha kila mkono. Ukipita katikati yao, umeupoteza. Vijibao hivyo vimekuja 1947 kwenye mashine ya kampuni ya Gottlieb ya huko huko Chicago. Kabla ya hapo ukishauachia mpira kazi yako ni kuutazama na kuitikisa meza.

Mara ya kwanza nilikuwa nabonyeza vijibao ovyo ovyo, vyote kwa pamoja, kama mtu anayefukuza kuku. Kulikuwa na mama mmoja wa makamo ya mama yangu, anacheza mashine ya pembeni. Mpira ukimjia anakiinua kijibao anakishikilia tu, hapigi. Mpira unateremka, unajikunja kwenye pembe pale, unatulia. Anavuta pumzi. Anatazama anakotaka kwenda, anauachia uteremke kidogo, halafu ndio anapiga. Nikasema moyoni huyu anacheza keram. Ni kule kutulia kwa fundi baada ya kuiweka straika mstarini, kidole kimekunjwa, baraza zima limenyamaza.

Kilichonifanya nirudi kila Jumanne ni namna walivyopanga mashindano yao. Ukifungwa mchezo unaandikiwa alama moja, na alama tatu ndizo zinazokutoa. Ukifungwa mwanzo hurudi nyumbani, unapangiwa mtu mwengine. Mimi niliyekuwa mgeni kabisa nilicheza michezo minne usiku wa kwanza, nikafungwa mitatu, nikashinda mmoja. Ule mmoja nilirudi nao nyumbani kwenye theluji, nafsi yangu imejaa.

Naomba tuijaribu kwenye keram. Tuiite mistari mitatu, maana sisi tunaandika kwa chaki. Maoni yenu.

---

Hesabu_Kwanza

Wa alaykum salaam. Wazo zuri, ila muda umeupigia hesabu?

Mtoano wa watu 12 ni michezo 11, kwa sababu kila mchezo unatoa mtu mmoja na lazima watoke 11. Kwa mfumo wako kila anayetoka katoka na mistari mitatu. Watu 11 mara tatu ni 33. Bingwa naye anaweza kumaliza hana mstari, ana mmoja au ana miwili. Kwa hiyo ni michezo 33 hadi 35. Mara tatu ya mtoano! Kwa bodi moja mtaadhiniwa alfajiri mko hapo hapo.

---

Kikwajuni_Juu

Hesabu yako sahihi, ahsante. Mara tatu ya michezo ndiyo raha yenyewe, watu wamekuja kucheza. Lakini muda ni kweli. Naona mambo mawili: bodi zisipungue mbili, na mchezo uwe ni kumaliza kete mara moja, basi. Tusicheze hesabu ya kimataifa ya kufika pointi 25 au michezo minane. Kumaliza kete ni dakika sita, saba. Ukipata watu wawili wanaojihami ni kumi.

---

BabaWatatu

Wanangu, mimi si mchezaji, ni mtazamaji wa kahawa tu. Nina neno.

Mashindano haya mnatoza kila mtu shilingi elfu mbili, tatu, halafu mshindi anabeba zote. Hiyo mnaiita nini? Mimi naiita kamari, hata kama mkono unaocheza ni wa ufundi. Na ndiyo iliyofanya wazee wengi tuwazuie watoto wasikae kwenye mabaraza ya keram. Mchezo wenyewe hauna neno, sisi tumeucheza tangu tukiwa wadogo.

---

Kikwajuni_Juu

Shikamoo mzee wangu. Umenena, na nashukuru umelisema wazi mapema.

Niseme kisa kimoja. Huko Marekani pinboli nayo iliandamwa kwa neno hilo hilo la kamari. Meya wa New York, Fiorello La Guardia, aliipiga marufuku mwaka 1942, mashine zikakusanywa na kuvunjwa kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Na hakuwa amekosa sababu: mashine za wakati ule hazikuwa na vijibao, na nyengine zikitoa pesa. Marufuku ikakaa mpaka 1976. Ndipo mwandishi mmoja, Roger Sharpe, alipoitwa mbele ya kamati ya baraza la mji acheze. Akavuta springi, akasema kabla hajaiachia kwamba mpira utapita njia ya katikati. Ukapita katikati. Wakaifungulia.

Nimekileta kisa hichi kwa sababu yule bwana alionyesha ufundi, ila ufundi peke yake haulifuti suala la pesa, na hapo nakubaliana na wewe mzee. Kwa hiyo napendekeza hakuna kiingilio kabisa. Zawadi itolewe na mtu asiyecheza, kwa hiari yake. Kilo tano za mchele, kuku wawili, fulana, chochote. Pesa ya poda ya kutelezesha kete na ya kahawa tuchange, na hiyo haimrudii mchezaji yeyote.

---

BabaWatatu

Hapo mmeniridhisha. Kuku wawili niandikieni mimi.

---

Bint_Mlandege

Kaka, naomba na mimi niseme, maana huu uzi umenigusa pahala.

Mnalalamika mtoano, lakini kuna kitu kibaya kuliko mtoano na mnakicheza kila siku: "aliyefungwa anainuka". Mshindi anabaki kwenye kiti, aliyefungwa anakwenda mwisho wa foleni. Kwetu Ramadhani baada ya tarawehe tunacheza uani, mabinti saba, wanane, mpaka karibu na daku. Kwa kanuni hiyo dada yangu mkubwa anakaa kitini saa mbili nzima. Mwenye mkono mbovu anacheza dakika tano, anasubiri dakika arobaini, anacheza dakika tano tena na yule yule anayemfunga. Atajifunza wapi? Mkono wa keram unapatikana kwa kucheza, haupatikani kwa kutazama.

Mwaka huu tulibadilisha, bila kujua kuwa kuna watu wa Chicago. Tukasema ukishinda mara mbili mfululizo na wewe unainuka. Binamu yangu mdogo, ambaye alikuwa akitumwa kuchemsha chai tu, kwenye kumi la mwisho alikuwa anaimaliza nyekundu na kuifunikia, yaani kuingiza kete yake baada ya ile nyekundu, kama mchezo. Ni yeye yule, mikono ile ile. Alichopata ni zamu nyingi tu.

La pili: haya mashindano yenu yote yako barazani na usiku. Sisi hatuji kukaa barazani. Ikiwa kweli mnataka mchezo ukue, fikirini Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi au darasa, na siku ya wanawake.

---

Kikwajuni_Juu

Dada yangu, lile la kwanza sikuwahi kuliwaza na limeniingia. Ndiyo maana barazani kwetu watu ni wale wanne.

La pili nalipokea bila ubishi. Siahidi ukumbi kabla sijauona ufunguo wake, lakini bodi moja ya kwangu na kete zake mtapewa siku mnayotaka, na kanuni nitakuandikia.

---

FundiMbao_Chake

Salamu kutoka Chake Chake, Pemba. Mimi natengeneza bodi, kwa hiyo nizungumzie bodi, maana mfumo mzuri juu ya bodi mbovu ni kazi bure.

Uwanja wa ndani ni sentimita 74 kwa 74. Kete tisa nyeupe, tisa nyeusi, nyekundu moja. Straika kwa kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Keram, lile lililoundwa India mwaka 1988, isizidi gramu 15. Hapa kwetu mtu anakuja na straika kaichonga mwenyewe, nzito kama jiwe la mizani, inafukuza kete mpaka nje ya bodi, halafu tunaita ufundi. Kwenye mashindano wekeni straika mbili zenu, wote watumie hizo hizo. Ugomvi nusu utakufa hapo.

Mbao. Plaiwudi ya kwetu inakunywa unyevu. Masika yakiingia bodi inapata tumbo katikati, kete zote zinakimbilia pembeni zenyewe. Isimamisheni ukutani ndani ya nyumba, msiilaze kwenye sakafu ya saruji, na msiianike jua kali kwa haraka, itapindika upande wa pili. Poda tumieni kidogo, ipigwe kwa kitambaa. Niliona maskani moja wametia unga wa sembe, na kwa joto la usiku wa pwani ile bodi ilishika kama imepakwa uji.

Sasa swali langu kwako Kikwajuni. Umesema huko zamani walikuwa wanaitikisa mashine. Siku hizi wanazuiaje? Kwa sababu kwetu hapa kuna watu wana ugonjwa wa goti: kete ikisimama mdomoni mwa shimo, goti linagusa meza, kete inaingia, na mwenyewe anatazama angani.

---

Kikwajuni_Juu

Fundi, swali lako tamu sana.

Kutikisa kidogo wanaruhusu, tena ni sehemu ya ufundi, unausukuma mpira kwa kuigusa meza ubavuni. Lakini ndani ya mashine kuna fimbo ya chuma inaning'inia, chini ina kizito, na imepita katikati ya pete. Ukitikisa sana kile chuma kinagusa pete, umeme unakamilika, na hapo vijibao vinakufa. Unabonyeza, havisikii. Unabaki kuutazama mpira ukiteremka shimoni. Mashine nyingi za sasa zinakuonya mara moja au mbili kwanza. Wanaita tilti. Hakuna wa kubishana naye, kwa sababu hakuna mwamuzi, ni chuma na pete.

---

FundiMbao_Chake

Nipe siku mbili.

---

Pwani_Mchangani

Na mimi niulize, kwa nini tusicheze wawili wawili? Keram ya watu wanne ndiyo tamu, mnatazamana na mwenzako, mnaelewana kwa macho. Na inamaliza watu haraka.

---

Kikwajuni_Juu

Tamu kweli, lakini mara ya kwanza tucheze mmoja mmoja, tusije tukagombana mstari ni wa nani.

---

FundiMbao_Chake

Nimerudi. Nimechukua kopo tupu la maziwa, nimelitoboa chini, nikapitisha uzi wa kuvulia, na kwenye ncha ya uzi nimefunga nati ya chuma. Nati inaning'inia ndani ya kopo, haigusi pembeni. Kopo nimelipigilia juu chini, kwenye fremu ya meza. SI kwenye bodi, nisikilizeni vizuri hapo. Ukilipigilia kwenye bodi kila ukipiga straika litalia. Kati ya bodi na meza nimeweka vipande vinne vya ndara kuukuu kwenye pembe, vinameza mshindo.

Nimewaita vijana wa hapa wakapiga kwa nguvu zao zote: nati inacheza kidogo, haigusi. Nikamwambia mmoja afanye goti. "Ting!" Wote wakaangua kicheko, maana yeye ndiye mwenye ugonjwa.

Ukitaka liwe kali zaidi tumia kopo jembamba. Kopo la nyanya ni kali sana, hata mtu akipita na vespa litalia. La maziwa ndio saizi yake. Kanuni yetu hapa: likilia kwenye zamu yako, zamu imekufa, na kete iliyoingia inarudi katikati.

---

Hesabu_Kwanza

Wallahi fundi, nimelisoma mara tatu. Hiki kitu kienee nchi nzima.

Na mimi niongeze dogo kwenye upangaji. Wakianza kutoka mtabaki idadi isiyogawanyika kwa mbili. Wa ziada apumzike raundi hiyo, asipewe mstari, na asipumzike mara mbili kabla kila mtu hajapumzika. Majina yaandikwe kwenye vikaratasi, yachotwe kutoka kofiani kila raundi. Msiwapange wakali na wakali, mtoto mdogo akikutana na bingwa leo anafungwa lakini raundi ya pili atakutana na mwengine.

---

Kikwajuni_Juu (baada ya wiki tatu)

Assalamu alaykum. Naleta habari.

Tumecheza Alhamisi baada ya isha. Watu 14, bodi mbili, straika mbili za pamoja, makopo mawili ya maziwa. Ukutani tumeandika majina kwa chaki. Kiingilio hakuna. Kuku wa BabaWatatu walikuwa kwenye tenga chini ya baraza, wanalia muda wote.

Niseme kilichokwenda vibaya kwanza. Tulichelewa kuanza, na mwishoni wakibaki wanne, watatu, bodi moja inakaa bure na watu wanasubiri. Tulimaliza saa sita kasoro robo, jirani mmoja akalalamika, na ana haki. Safari ijayo tutaanza baada ya alasiri. Kopo la bodi ya pili lililia mara mbili bila mtu kugusa, upepo tu, tukaliziba kwa gazeti. Na raundi ya pili kulikuwa na mabishano makali juu ya nyekundu: mtu kaiingiza, kaifunikia kwa kete yake katika pigo lile lile, je inahesabika? Tukakubali inahesabika, lakini hilo lilitakiwa lisemwe mapema.

Sasa yaliyokwenda vizuri. Hakuna aliyecheza chini ya michezo mitatu. Nilikuwa naangalia saa: saa tatu usiku, kwa mtoano tungekuwa na watu saba wamekaa wanatazama simu. Hapa walikuwa 14 wote bado wamo, wenye mistari miwili wanatetea roho zao, wanapiga kete kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona barazani kwetu.

Mdogo wangu alikataa kuja. Nikamwambia njoo ushike chaki tu. Tulikuwa 13, wa 14 hakutokea, ikabidi ajazie. Raundi ya kwanza kura ikamtupa kwa yule yule bingwa. Nikaona uso umebadilika. Akafungwa, kete nne zimebaki. Akainuka mwenyewe, akaenda ukutani, akajichora mstari, akarudi akauliza, "Naingia na nani?"

Akashinda wa pili. Akafungwa wa tatu. Wa nne alicheza na kijana wa Miembeni, na hapo ndipo nilipomwona. Imebaki nyeusi moja ya kwake, imekaa nyuma kabisa karibu na mstari wake, pahala ambapo huwezi kuipiga moja kwa moja. Akaiweka straika, akaitoa. Akaiweka tena. Kidole kikakunjwa. Akatulia kiasi kwamba mtu mmoja nyuma akaanza kusema "piga basi" na mwengine akamnyamazisha. Straika ikaenda mbele, ikagonga ukuta wa mbali, ikarudi taratibu, ikaigusa kete ubavuni, kete ikabingirika mpaka mdomoni mwa shimo ikasita. Watu wote wakatazama kopo. Kopo kimya. Kete ikaanguka.

Wa tano alifungwa, akatoka na mistari yake mitatu. Michezo mitano, ushindi mara mbili.

Fainali ilikuwa kama hadithi. Bingwa wa mtaa amefika hana mstari hata mmoja, mzee mmoja fundi cherehani ana miwili. Yaani mzee hana ruhusa ya kufungwa, na anatakiwa ashinde mara tatu mfululizo. Akashinda mara tatu mfululizo! Hesabu_Kwanza, umesema bingwa anaweza kumaliza na mistari miwili, basi ndivyo: michezo 41, nimeihesabu ukutani. Kuku wawili wamekwenda kwa fundi cherehani, akampa mmoja bingwa.

Bint_Mlandege, bodi ipo tayari na poda yake. Nimezungumza na mwalimu mmoja, darasa linapatikana Jumamosi asubuhi, saa tatu hadi saa sita, mlango unafungwa kwa ndani. Niambie idadi yenu.

---

Bint_Mlandege

Tuko 11. Mwambie FundiMbao atuletee na kopo.

---

FundiMbao_Chake

Linakuja na boti ya Ijumaa. Nimeweka mawili, na uzi wa akiba.